Jinsi ya kuwachekesha watu kwa namba

Kazi yangu ni ushereheshaji: sendofu, kipaimara, harusi. Kati ya chakula na keki kuna dakika ambazo hazina mwenyewe. Wapo wanaozijaza kwa utani wa mama mkwe. Mimi natumia namba, kwa sababu bibi anazijua, mtoto anazijua, na hakuna ukoo utakaosema umetukanwa.

Kanuni ninayoishikilia ni moja tu: mwache msikilizaji aanze kupiga hesabu kwanza. Sema hivi: "Ndege kumi wako juu ya mwembe. Umempiga mmoja kwa manati, akafa. Wamebaki wangapi?" Meza za mbele hakosi mtu wa kupayuka "tisa!" Huyo umeshampata. Akili yake imeingia kwenye kutoa, imesahau kwamba ndege wana mabawa. Jibu ni hakuna, wenzake wote wameruka. Ila usiulize huku unatabasamu, maana watu hunusa mtego mapema. Kunja uso kama mwalimu wa hesabu siku ya mtihani.

Wengi wanakijua hiki tangu shule ya msingi na watapiga kelele "hakuna!" Usisikitike, hao ndio wazuri zaidi. Waache washangilie, kisha uwaambie taratibu: "Amebaki mmoja. Marehemu amenasa kwenye tawi." Rudi uangalie nilivyouliza: nilisema akafa, sikusema akaanguka. Ukiropoka "akaanguka" umeiharibu ngazi ya pili kabla hujaifikia.

Halafu kuna mchezo wa maneno wenyewe. Chepesi kabisa ni kile cha "Una saa ngapi?" na jibu "Ninayo moja tu, hii ya mkononi." Kinatosha kupashia ukumbi moto, usikitegemee zaidi ya hapo. Usihangaike pia kutafsiri vya wenzetu. Waingereza wana chao maarufu: kwa nini sita anamwogopa saba? Kwa sababu saba alimla tisa. Kwao namba nane inatamkwa sawasawa na neno la kusema "alikula", kwa hiyo wakihesabu saba, nane, tisa, tayari mtu kaliwa. Nane wa Kiswahili hajamla mtu, na kichekesho kinafia mlangoni.

Sisi tuna sita. Mwalimu anauliza, "Juma, tatu mara mbili?" Juma anasema, "Sita…" Mwalimu anafoka, "Hutafanya nini?" Kila kitu kiko kwenye sauti ya Juma. Ukiishusha mwishoni, ni namba na hakuna anayecheka. Ukiiacha ining'inie, ni mtoto anayegoma. Fanya mazoezi ya hiyo "sita" moja mpaka wa nyumbani kwako wakuulize una nini.

Na kuna nane. Bawabu wa ukumbini anamzuia mgeni: "Kadi yako ni ya mtu mmoja. Umekuja na nani?" Mgeni anajibu, "Na nane," halafu familia nzima inashuka kwenye Noah. Hapa sarufi inakubana. Kwa kawaida tungesema "watu wanane", na hiyo "wa" inaua ufanano wote na "nani", kwa hiyo panga maneno ili nane isimame peke yake. Sita, saba na tisa hazina usumbufu huo, hazibadiliki kwa watu wala kwa viti. Na neno lenye mgeuko liwe la mwisho. Ukimalizia na "yaani alikuwa na watu wengi sana", umejipigia filimbi mwenyewe.

Si lazima maneno yafanane. Yule Abunuwasi (wengine humwita Juha) akiwa amepanda mmoja wa punda wake kumi anahesabu tisa, akishuka anahesabu kumi, akipanda tena, tisa. Mwishoni anaamua kutembea kwa miguu, asije akampoteza mmoja. Ukumbi umeshaelewa zamani, ni yeye tu ambaye bado. Hesabu kwa kidole, polepole, usimruke hata punda mmoja.

Ninachokipenda kuliko vyote ni cha Kariakoo. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1, na tangu siku hiyo "nipe tano" si salamu ya bure. Shabiki wa Yanga ananyoosha kiganja: "Nipe tano!" Wa Simba anaweka mikono mfukoni. Ukumbi unacheka, unadhani yameisha. Subiri wanyamaze. Sasa wa Simba anasema: "Mimi nilipopewa tano nilirudisha chenji. Wewe 2012, chenji iko wapi?" Maana tarehe 6 Mei 2012 Simba walishinda 5-0. Tano ileile imekuwa kiganja, ikawa mabao, ikawa noti, na hakuna aliyeona ikibadilishwa. Usiwakumbushe matokeo kabla, wanayajua kuliko majina ya wajomba zao.

Kabla ya hicho, ulizia bwana harusi ni wa timu gani na bibi harusi ni wa timu gani. Na shabiki wa Yanga akisimama kujibu kwamba chenji aliiweka benki, mpe kipaza sauti, ukakae.