Kutafuta modeli kubwa ya garimoshi la mvuke inayolingana na injini ya kweli

Ukiwa Malindi na unataka modeli ya injini ya mvuke ya Afrika Mashariki, safari inaanzia Nairobi, si dukani. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo yenye injini zenyewe. Modeli iliyonunuliwa kabla ya kuiona injini yake huishia kuwa garimoshi la nchi nyingine lililopakwa rangi ya damu ya mzee.

Chagua injini moja kwa nambari yake. Usiseme tu "Garratt", yaani injini ndefu yenye seti mbili za magurudumu na boila katikati yake. Sema 5918, Mount Gelai, ya aina ya 59. Au 2921, Masai of Kenya, ya aina ya 29, ambayo ni fupi na rahisi zaidi kupatia modeli. Piga picha ubavu wa kulia na wa kushoto, mbele, nyuma na dohani, kisha gurudumu kubwa likiwa na futi ya kupimia kando yake. Nambari ina maana kwa sababu injini hazikubaki kama zilivyotoka kiwandani. Aina ya 59 ilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 ikiwa na dohani ya duara. Baadaye zikafungwa dohani ya Giesl: ukiitazama kwa mbele ni nyembamba, ukienda ubavuni ni ndefu na bapa. Dohani pekee inatosha kukuambia modeli inaonyesha injini ya kipindi gani.

Sasa skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko injini ya kweli, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Reli ya zamani ya Kenya ina upana wa mita moja, na reli ya modeli kubwa ina upana wa milimita 45. Gawanya 1,000 kwa 45 upate 22.2, kwa hiyo skeli ya 1:22.5 inalingana na reli yetu karibu kabisa. Ni bahati nzuri kwa wapenzi wa injini za huku. Tatizo ni kwamba juu ya reli hiyo hiyo ya 45 hutembea pia modeli za 1:20.3, ambazo ni za reli ya futi tatu, na za 1:32, ambazo ni za reli pana ya milimita 1,435 kama ya SGR. Wauzaji wengi huziita zote "G". Usilikubali neno hilo, omba kipimo.

Kipimo cha kuomba ni kipenyo cha gurudumu la kusukuma. Gurudumu la aina ya 59 lina milimita 1,372. Gawanya kwa 22.5, upate 61. Ukijibiwa 43, hiyo ni 1:32, achana nayo. Mwambie muuzaji apime sehemu inayogusa reli, asipime ukingo unaoshika reli kwa ndani, maana ukingo huongeza milimita kadhaa na kukuharibia hesabu. Kisha hesabu magurudumu. Aina ya 59 ni 4-8-2+2-8-4: madogo manne, makubwa manane, madogo mawili, halafu mpangilio huo huo ukigeuzwa nyuma. Aina ya 29 ni 2-8-2.

Usitarajie kuikuta 59 kamili ikikusubiri. Mara nyingi utanunua injini ya karibu na kuibadilisha. Angalia miguu kwanza: ukubwa wa magurudumu, nafasi kati yake, silinda zilizo nje. Hivyo havibadilishiki kwa bei nafuu. Tangi la maji, kibanda cha dereva na dohani fundi bati mzuri anaweza kuvitengeneza kwa shaba nyeupe ya nusu milimita. Usimpe bati la chuma. Upepo wa bahari utalila.

Pima pia mahali pa kuiendeshea. Aina ya 59 ina urefu wa takriban mita 31.7, kwa hiyo modeli yake inafika mita 1.41. Kona za seti za wanaoanza, zenye nusu kipenyo cha milimita 600, hazifai; itaruka reli, au tangi la mbele litagonga boila.

Kama modeli inatumia mvuke wa kweli, usilipe kabla ya kuona cheti cha kupimwa boila kwa maji, chenye tarehe na presha. Boila mpya hupimwa kwa presha maradufu ya ile ya kazi. Maji ya kisima cha pwani yametoka kwenye mawe ya matumbawe, na yana chokaa na chumvi. Yataziba mabomba membamba. Kinga maji ya mvua, uyachuje kwa kitambaa safi. Kwenye silinda tia mafuta mazito ya mvuke pekee. Mafuta ya nazi au ya kupikia yataungua na kuganda ndani.

Kila baada ya kuiendesha, toa maji boila likiwa bado na uvuguvugu, futa fimbo za magurudumu kwa kitambaa chenye mafuta, uifungie kwenye sanduku lisilopitisha hewa. Ukiiacha kwenye rafu karibu na dirisha, kutu itaanzia kwenye skrubu za chuma.