Kuichambua kesi ya Sacco na Vanzetti: mwongozo kwa walimu wa Moshi

Vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, vinatosha, pamoja na muda mfupi wa kuandika upya baada ya wiki. Andaa futikamba ya mita 30, saa yenye sekunde, karatasi nyeupe na bajaji ya kukodi nusu saa. Hukumu usiitaje mwanzoni. Ukiitaja, kila mmoja atakimbilia kuitetea au kuipinga, na ushahidi hautasomwa tena.

Wape tukio tu. Tarehe 15 Aprili 1920, South Braintree, Massachusetts, mlipa mishahara wa kiwanda cha viatu na mlinzi waliuawa kwa risasi, zikaporwa dola zaidi ya 15,000. Tarehe 5 Mei walikamatwa wahamiaji wawili kutoka Italia: Nicola Sacco, fundi wa kiwanda cha viatu, na Bartolomeo Vanzetti, mchuuzi wa samaki.

Kisha tokeni nje. Karani mmoja aliliona gari la wauaji akiwa dirishani ghorofani, umbali wa mita 18 hadi 25, kwa sekunde tatu hivi. Wapandishe wanafunzi ghorofani, pima mita 20, bajaji ipite na abiria wasiyemjua. Usimpandishe mwenzao, maana sura iliyozoeleka hutambulika hata kwa mabega. Kila mmoja aandike peke yake, kimya. Wakishaanza kuulizana, shati aliloliona mmoja linakuwa shati la wote. Kusanya karatasi, zifungie, na baada ya wiki waandike upya bila kuziona. Linganisheni yaliyoongezeka. Karani yule awali hakuthubutu kusema kwa uhakika kwamba mtu aliyemwona garini ni Sacco. Mwaka mmoja baadaye alieleza mpaka mkono wa mtu huyo.

Hapo ndipo pa kuleta kesi ya Waziri Amani (Waziri ni jina la mtu) dhidi ya Jamhuri, uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania wa 1980 unaotaka kuulizwa: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, aliwahi kumwona kabla? Ongeza kwamba Sacco na Vanzetti hawakuwekwa kwenye gwaride la utambulisho, yaani kupangwa na watu wengine ili shahidi achague. Mashahidi walionyeshwa wao peke yao.

Sehemu ya risasi ifanyeni polepole. Andika ubaoni: "Risasi imetoka kwenye bastola hii" na "Risasi inaweza kuwa imetoka kwenye bastola hii". Kapteni Proctor wa polisi alitoa kauli ya aina ya pili, baraza la wazee wa mahakama likaweza kuisikia kama ya kwanza. Mwaka 1923 aliapa kwamba angeulizwa waziwazi kama alipata uthibitisho kuwa risasi ilipita kwenye bastola ya Sacco, angejibu hapana. Mwanafunzi akitafsiri kwa haraka huandika "imetoka". Mrudishe.

Uongo wa watuhumiwa nao una mtego wake. Walipokamatwa waliulizwa siasa zao, hawakuambiwa kwamba wanashukiwa kwa mauaji. Walikuwa waanakisti, yaani wapinzani wa kila aina ya serikali, na wageni wa siasa hizo walikuwa wakifukuzwa nchini, wakadanganya. Mahakamani uongo huo ukageuzwa dalili ya hatia. Uliza: kibarua wa shamba la maua Arusha aliyevuka mpaka bila kibali, akisimamishwa na polisi, atasema ametoka wapi? Anaogopa nini? Waandike majibu yote mawili.

Sasa taja hukumu: hatia, 14 Julai 1921, kuuawa kwa kiti cha umeme, 23 Agosti 1927. Mwaka 1977 Gavana wa Massachusetts, Michael Dukakis, alitangaza kwamba hawakutendewa haki mahakamani, bila kusema kama walikuwa na hatia au la. Usifiche pia kwamba vipimo vya 1961 na 1983 viliihusisha risasi moja na bastola ya Sacco, na wapo wanaodai risasi hiyo ilibadilishwa. Kisha warudishie karatasi zao za bajaji.