FBAR: faini hupanda, kiwango cha kuripoti hakisogei

Ukiwa Marekani kwa uraia, green card au ukaazi wa kikodi, na una akaunti nyumbani, chukua salio la juu kabisa la kila akaunti kwa mwaka mzima, kisha jumlisha. Ikizidi dola 10,000, hata kwa siku moja, lazima ujaze FBAR, yaani Fomu 114, ripoti ya akaunti zilizo nje ya Marekani. Akaunti ya Sacco nayo inahesabika. Shamba lenye jina lako halimo.

Hiyo dola 10,000 haipandishwi na mfumuko wa bei. Kinachopandishwa ni faini ya kutojaza fomu. Sheria ya 2015 inazitaka taasisi za serikali kuu zirekebishe faini zao kila Januari, kwa kulinganisha fahirisi ya bei ya Oktoba na ya Oktoba iliyotangulia. Mwaka 2025 kizidisho kilikuwa 1.02598, na faini ya juu kwa aliyekosa bila kukusudia ikatoka dola 16,117 hadi 16,536. Aliyekusudia: dola 165,353 au nusu ya salio, kubwa kati ya hizo.

Kinachofuatwa ni tarehe ya kutozwa, si mwaka wa kosa. FBAR ya 2020 ikitozwa faini mwishoni mwa 2025, viwango ni vya 2025. Nafuu ipo: tangu hukumu ya kesi ya Bittner katika Mahakama ya Juu ya Marekani, Februari 2023, asiyekusudia huhesabiwa faini kwa fomu, si kwa kila akaunti.

Mtego mkubwa ni chama cha kuweka akiba pamoja. Ukiwa mweka saini wa akaunti yenye KSh 1,500,000, unaripoti salio lote hata kama chako ni laki moja. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni 11,628, na tayari umevuka. Tumia kiwango cha Hazina ya Marekani cha 31 Desemba, si cha siku pesa ilipoingia, na senti zipandishe hadi dola nzima.

Fomu hutumwa bure kupitia BSA E-Filing, mfumo wa serikali wa mtandaoni, mbali na ritani ya kodi. Usidhani anayekuandalia kodi ameituma, muulize. Mwisho ni 15 Aprili, na muda husogea wenyewe hadi 15 Oktoba bila kuomba.

Umechelewa? Kama riba yote uliitangaza na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hawajakutafuta, tuma za nyuma na uchague sababu ya kuchelewa. Kwa kawaida hutozwi. Kama kuna riba hukuitangaza, onana kwanza na mwanasheria wa kodi, kwa sababu kutuma fomu kimyakimya hakukulindi.