Linda maili zako za ndege zisiibwe

Maili ni pointi unazopewa na shirika la ndege kwa kusafiri nalo, nazo hukata tiketi. Mwizi wa maili hana haja na kadi yako ya benki. Akiingia kwenye akaunti yako ya maili, kama Skywards ya Emirates au ShebaMiles ya Ethiopian Airlines, anakata tiketi ya mtu mwingine, aghalabu ya safari ya karibu, ili ndege iruke kabla hujashtuka.

Kosa kubwa ni kutumia nywila moja kila mahali. Tovuti moja ikivuja, wezi huijaribu kwingine kote. Weka nywila ya pekee yenye herufi 14 au zaidi na washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya uthibitisho, mfano ile inayotumwa kwenye simu yako. Barua pepe uifunge vivyo hivyo, maana kiungo cha kubadili nywila hutumwa huko.

Ukichapa pasi ya kupandia ndege steshenari pale Ngamiani, Tanga, kuwa makini sana. Ule mchoro wa mistari au vidoti hubeba jina lako, namba ya nafasi uliyoweka (booking) na mara nyingi namba ya uanachama. Futa faili, lisibaki hata kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha toka kwenye WhatsApp na barua pepe. Usiiweke pasi status. Ukirudi safari, ichane vipande vidogo.

Laini ikikata mtandao ghafla, huenda mwizi ameihamishia kwenye kadi yake ili apokee namba zako za uthibitisho: wapigie watoa huduma kwa simu nyingine. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako.

Kagua salio kila mwezi. Maili zikipungua, badili nywila, hifadhi picha ya muamala na upige simu shirika la ndege wafunge akaunti na kufuta tiketi ambayo haijatumika.