Jinsi ya kuangalia khanga na michoro ya makumbusho ukiwa Mtwara na simu yako tu

Makumbusho mengi siku hizi yameweka vitu vyao mtandaoni, British Museum ya London mojawapo, kwahiyo bando la kawaida linatosha. Ila usianze na simu, anza na sanduku la mama au bibi.

Mwombe akutolee khanga moja uitandaze kitandani. Pindo ndo lile linalozunguka pande zote nne, katikati mji, na chini ya mji kuna jina, yale maneno yaliyoandikwa. Tafuta korosho, lile umbo nene lenye ncha iliyojikunja, maana sisi huku tumekulia chini ya mikorosho lakini vijana wengi hawajui kwamba ua lile linaitwa hivyo. Halafu shika ukingo. Khanga inauzwa doti, vipande viwili vimeungana, ukishanunua unakata unapinda ndo unavaa.

Sasa ingia kwenye saiti, andika "kanga" bila h, wenzetu wanaandika hivyo. Maelezo usiyasome kwanza, vuta picha mpaka uone ukingo. Kama vipande bado vimeungana na hakuna pindo la cherehani ujue ile ilitoka dukani ikaenda kabatini, hakuna mwanamke aliyewahi kujifunga, na hiyo huwa inaniuma kweli. Jina lisome kwa sauti mama asikie, akuambie fumbo linamwendea nani, mke mwenza, jirani au mume, ndo uje usome tafsiri yao, utaona maneno yapo ila aliyesemwa hayupo. Aliyosema mama yaandike kwenye daftari pamoja na namba ya hiyo khanga.

Kwenye michoro tafuta Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, majirani zetu kabisa ukishapita Masasi, akaanza kuchora Dar 1968 na 1972 akafariki, yani miaka minne tu. Kwahiyo cheki mwaka kabla ya yote, ukikuta 1985 hiyo ni ya waliomfuata, inaweza kuwa nzuri sana lakini siyo mkono wake. Cheki na kilichotumika, yeye alipaka rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi.

Ukishaipata, iweke ubavuni mwa khanga ya bibi. Angalia rangi isiyochanganywa iliyojaza umbo zima, mnyama mmoja kakaa katikati kama mji, halafu mwulize bibi anaona nini.