SOMO: Kumtetea shuleni mtoto mwenye uoni hafifu

Wazazi wenzangu, salaam. Binti yangu yuko darasa la tano. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa naitwa shuleni kuambiwa ni mvivu, haandiki. Siku moja nikapekua daftari lake: kila zoezi linaishia mstari wa tatu. Ubao ulikuwa unafutwa kabla hajamaliza kunakili.

1. Mchunguze nyumbani wiki nzima na uandike. Daftari analisogeza karibu na pua kiasi gani? Kichwa kinamuuma saa ngapi?

2. Mpeleke kliniki ya macho, udai ripoti ya maandishi. Shule ipe kopi tu.

3. Anza na mwalimu wa darasa. Hapa ndipo wengi tunaharibu, tunaingia na hasira moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Mwalimu ana watoto themanini. Ukimwambia "msaidie mwanangu" hajui aanzie wapi. Mpe mambo ya kuanza nayo kesho: akae dawati la mbele, dirisha lisiwe mbele yake mwanga ukampiga machoni, aruhusiwe kusogea ubaoni bila kuomba, jirani yake amsomee yaliyoandikwa. Kalamu iwe nyeusi ya wino mzito. Mistari ya daftari naikoleza mwenyewe kwa rula kila Jumapili usiku.

4. Mkikubaliana, andika barua fupi na nakala yako igongwe muhuri. Mwalimu akihamishwa, anayekuja ataikuta.

5. Ikishindikana, nenda halmashauri kwa afisa elimu maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida na kupata msaada unaoendana na ulemavu wake.

MASWALI

Baba Twaha: Wangu ana miwani lakini ubao bado haoni. Nibadilishe?

Jibu: Kaka, uoni hafifu miwani haiumalizi. Rudi kliniki, na uulizie lensi ya kukuzia maandishi.

Mama Pacha: Dada, mtihani wa la saba itakuwaje?

Jibu: Baraza la Mitihani lina karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa masomo mengine. Ila lazima shule imsajili kuwa ana uoni hafifu. Wangu upimaji wa darasa la nne nilikuta kasajiliwa kama wengine, ikabidi irekebishwe. Nenda ukaone kwa macho yako mapema, usingoje Septemba.

Mama Neema: Wangu hataki kukaa mbele, wanamtania.

Jibu: Pole mama. Hata wangu aligoma, akalia. Nilipomuuliza anataka kukaa na nani akamtaja rafiki yake, mwalimu akawahamisha wote wawili.