Somo: Matuta ya mboga kwenye kiwanja chenye ndago na ukoka

Wanakikundi, sabalkheri. Wengi mmeliomba somo hili, na wakati wake ndio huu. Kaskazi bado inavuma, jua ni kali na ardhi imekauka. Ukianza kazi Februari, mvua za mwaka zikishuka Aprili tuta lako litakuwa limeshatulia, tayari kupandwa.

Kabla hujanunua hata jiwe moja la ukingo wa tuta, inama uyatazame magugu yako. Watu hudhani ukiinua udongo futi moja umeshayazika. Kwa magugu ya mbegu ni kweli. Kwa ukoka ni kweli nusu. Kwa ndago si kweli kabisa, na viwanja vyetu vingi hapa Mombasa vina ndago.

Ndago utaijua kwa bua lake: lisokote kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Kisha chimba taratibu pembeni mwake. Utakuta vijiazi vyeusi vimeungana kwa nyuzi, kimoja baada ya kingine, kama tasbihi. Ukivuta majani uzi hukatika, na vijiazi vilivyobaki chini huchipua kila kimoja kivyake. Kwa hiyo kuilima ndago mara moja ukaiacha ni sawa na kuipanda. Na ncha ya chipukizi lake ni kali, hutoboa boksi, hutoboa hata nailoni.

Hatua ya kwanza: kusafisha

Penye ndago, tumia jembe la meno, si jembe la kawaida linalokatakata. Chimba sentimita 20 hadi 30, pukuta udongo, okota vijiazi uvianike juu ya bati au simenti mpaka vikauke kabisa. Usivitie kwenye lundo la mboji. Halafu mwagilia mahali hapo maji. Ndio, mwagilia, ili vilivyojificha vichipue. Chimba tena kabla machipukizi hayajafikisha wiki tatu, maana baada ya hapo huanza kuzaa vijiazi vipya. Rudia mpaka uone yanatoka machache. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo somo lenyewe. Yanayofuata ni mepesi.

Penye ukoka na magugu mengine, fyeka hadi chini, lowesha ardhi, tandika maboksi. Kongowea sokoni hayakosekani. Toa gundi ya nailoni na pini, yapandanishe sentimita 20 ili ukoka usipate upenyo, kisha yaloweshe chepechepe. Yapitishe nje ya ukingo wa tuta pande zote, kwa sababu ukoka huingia kwa kutambaa kutoka njiani.

Hatua ya pili: ukingo

Mimi napendelea mawe ya matumbawe ya kuchonga, hata yale mabovu yaliyobaki kwenye ujenzi. Mbao laini mchwa watazimaliza. Jiwe letu lina chokaa, kwa hiyo ukiona majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, ongeza mboji.

Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga tuta. Urefu upendavyo. Kimo sentimita 30 chatosha.

Hatua ya tatu: kujaza

Tuta la mita 3 kwa 1.2, kimo sentimita 30, linameza debe 54 za lita 20. Mimi hutia debe 36 za udongo na 18 za samadi iliyooza. Samadi ya mbuzi au ya kuku isiyooza huunguza miche, na ya mbuzi huja na mbegu za magugu tumboni mwake. Irundike, ilowane, igeuzegeuze mpaka ipoe na isinuke tena.

Udongo wa lori uchunguzwe! Jaza ndoo moja, mwagilia, iache juani wiki mbili. Ndago ikichomoza humo, mrudishie mwenyewe udongo wake. Na mchanga wa ufuoni usiutie, una chumvi.

Hatua ya nne: kufunika

Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Majani ya mvinje yanafaa pia, ila huchelewa kuoza. Machimbo ya kiwanda cha simenti cha Bamburi yaliyopandwa miti kuanzia 1971 yalikuwa matumbawe matupu, na ni mivinje iliyoanza kuyafunika. Jongoo ndio waliokula yale majani yaliyoanguka wakayageuza udongo. Basi ukimwona jongoo kwenye tuta lako, muache.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Likoni, tuta nimeshajenga na ndago inatoka katikati ya mchicha. Nivunje?*

Marahaba mwanangu. Usivunje. Chomeka kisu kirefu kando ya kila shina, nyanyua pamoja na kijiazi chake. Ukishavuna mchicha, panda kunde au viazi vitamu kwa kubananisha. Ndago haipendi kivuli, hudhoofika.

*Kisima chetu Kisauni kina maji ya chumvi. Matuta yatafaa kweli?*

Yatafaa kuliko ardhi tambarare, kwa kuwa maji hupita chini kwa urahisi na mvua husafisha chumvi. Mwagilia mengi kwa mara moja, usinyunyize kidogo kidogo, na umwagie shinani, si majanini. Anza na spinachi, inavumilia. Maharagwe yatakusumbua. Maji ya mvua kutoka paani yawekee miche michanga.

*Nina mbao tayari. Fundi amesema nizipake oili chafu ya gari, mchwa hawatagusa.*

La, dadangu. Oili ile ina uchafu wa madini yanayodhuru, na huvuja kwenye udongo unaokulisha. Tumia mbao zako hivyo hivyo, zikiliwa uzibadilishe kwa mawe kidogo kidogo.

*Maboksi hayataleta mchwa nyumbani?*

Mchwa huyapenda, ni kweli. Liweke tuta angalau mita moja kutoka ukutani, uwe unapita hapo kati ukitazama kama kuna vijinjia vya udongo vinavyopanda ukuta. Ukiviona, vibomoe siku hiyo hiyo.

*Kunguru wananing'olea miche yote asubuhi.*

Tafuta wavu mkuukuu wa wavuvi, uutandaze juu ya vijiti vilivyopindwa, pembe uzikandamize kwa mawe. Uuache mpaka miche ifike urefu wa kiganja.